Nani Alimfunga Ismaily Zipu

Wasikilizaji wapendwa, kama unanisikiliza ukiwa juu ya pikipiki, simama. Egesha pembeni, vua helmeti, sogeza simu sikioni. Kama uko nyumbani, punguza moto chini ya sufuria, wali usije ukaungua ukasema Mzee Zaidi ndiye aliyeuunguza. Ndiyo, ni miye, Zaidi wenu, niliyestaafu kazi zote isipokuwa ya mdomo.

Leo tunamkumbuka Ismaily Khamisi. Dereva wa bodaboda wa hapa Kibiti. Ismaily wa njia ya Nyamisati. Amefariki mwezi huu wa saba, kipupwe kimekaza, kwa ugonjwa wa kichomi. Hakuanguka na pikipiki. Narudia, maana nimesikia mengi huko sokoni: Ismaily hakuanguka na pikipiki. Amefia kitandani, kifua kimemjaa. Ameacha mke, Shamsia. Ameacha mtoto wa kike, Warda, ambaye bado anatambaa. Ameacha baba, Mzee Khamisi, fundi viatu wa pale stendi. Na ameacha koti moja. Hilo koti ndilo litakalotubeba leo.

Mnanijua. Mwaka jana niliwaambia hapa hapa kwamba Ismaily alisimama njiani kuchimba dawa, kiboko akatoka majini akaja kuota joto kwenye ekzosi ya pikipiki yake. Mkapiga simu mkaniita mwongo. Nakiri nilikosea. Viboko walikuwa wawili. Lakini leo, wasikilizaji wapendwa, chumvi nimeiacha nyumbani. Nimekuja na punje chache tu, za kuonjea.

Tuanze na baridi yenyewe. Wageni wetu kutoka bara huwa wanatucheka. Marsela, muuguzi wetu, mzaliwa wa Njombe, alipofika hapa alituona tumejifunika mablanketi mwezi wa saba. Akashika kiuno akacheka. "Hii nayo mnaita baridi? Kwetu hali ya hewa kama hii ni ya kuanikia nguo!" Siku moja akatakiwa kwenda delta, kule Nyamisati mto unakoingia baharini, kuchanja watoto. Akampanda Ismaily alfajiri, amevaa kiblauzi chake cha mikono mifupi. Ismaily akamwambia, "Dada, chukua kanga hii." Akakataa. Wakaondoka.

Walipofika Nyamisati, Marsela hakuweza kushuka. Magoti yalikuwa yamegoma kunyooka. Wakamshusha wanaume wawili kama mzigo wa nazi. Akanywa chai ya tangawizi, meno yanapigana, ndipo akasema neno ambalo madereva wetu wanalo mpaka leo: "Baridi ya kwetu imekaa chini. Ya kwenu inakimbia."

Ndivyo ilivyo. Ukisimama, Kibiti hakuna baridi. Ukipanda pikipiki alfajiri, umande umelala juu ya mpunga na kusi linavuma, ndipo unajua kwamba baridi ilikuwepo, ilikuwa inakusubiri uondoke.

Ismaily aliijua baridi hiyo kama mtu anavyomjua jirani mgomvi. Alikata dumu la mafuta ya kula, akalifunga kwenye usukani, mikono ikakaa ndani kama kobe. Miguuni alivaa soksi, juu ya soksi mfuko wa nailoni, juu ya mfuko soksi nyingine. Kifuani aliweka ubao wa boksi. Nilimuuliza siku moja kwa nini boksi na si sweta la pili. Akanijibu, "Mzee Zaidi, sweta linaleta joto, lakini halizuii mgeni. Upepo unataka mlango. Boksi ni mlango."

Na juu ya yote, koti. Koti zito la mtumba, la bluu, lenye zipu ya mbele. Lakini nyote mnajua madereva wetu wanavyolivaa koti. Wanalivaa kinyume. Mgongo wa koti unakaa kifuani, zipu inakaa mgongoni. Upepo ukija kwa mbele unakuta kitambaa kizima, hauna pa kupenya. Hiyo ni akili ya vijiweni, haikufundishwa na mtu yeyote.

Ila ina kasoro moja. Mtu hawezi kujifunga zipu ya mgongoni. Jaribu ukiwa hapo ulipo. Utajipinda, utageuka kama mbwa anayefukuza mkia, na zipu itakutazama tu. Lazima uwe na mtu. Lazima umpe mtu mgongo, umwambie, "Nifunge."

Kwa Ismaily, mtu huyo alikuwa Shamsia. Kila alfajiri, kabla hajakokota pikipiki nje, alisimama katikati ya chumba akampa mkewe mgongo. "Mama Warda, nifunge." Shamsia akaivuta zipu kutoka kiunoni mpaka shingoni, akampiga kikofi begani. Hapo ndipo mtu akaenda kazini. Shamsia aliniambia hivi, akiwa ndani nyuma ya pazia, maana yuko edani: "Baba, wengine waume zao huwapa maua. Miye wangu alinipa mgongo. Nami niliupenda."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, twende kwa baba.

Mzee Khamisi alikuwa na vijana wawili. Mkubwa aliitwa Ally. Ally naye aliendesha pikipiki. Ally alianguka kwenye lami, pale karibu na mnada, na waliokwenda kumtambua walimwita baba yake. Mzee Khamisi aliuona uso wa mwanawe juu ya lami. Sitasema zaidi. Yeye mwenyewe hajawahi kusema zaidi.

Mwaka haujapita vizuri, Ismaily akaja nyumbani na pikipiki. Alikuwa kijana mbichi, hata ndevu hana. Mzee akatoka nje, akaitazama pikipiki, akamtazama kijana.

"Hiyo ya nani?"

"Yangu, baba. Nataka nioe. Jembe halinitoshi."

"Nimeshaona uso mmoja, Ismaily. Wa pili sitauona. Siku utakayolipanda dude hilo, uso wako nisiuone. Wallahi nisiuone, mpaka uliache."

Alikula yamini mbele ya watu. Na Ismaily, kwa ujana, akapiga kiki akaondoka.

Mzee Khamisi si mtu wa kuapa akasahau. Tangu siku ile hakuutazama uso wa Ismaily. Harusi hakwenda. Warda alipozaliwa, mtoto alipelekwa kwa babu na shangazi yake Ismaily, Bi Mwanabibi. Babu akampakata, akamwombea dua, akamrudisha. Shehe alimwendea akamwambia, "Mzee mwenzangu, yamini ina kafara yake. Lisha masikini, au funga swaumu, uyamalize." Akajibu, "Kafara naijua. Bado." Ismaily akipita stendi, mzee alijifunika kilemba usoni, au aligeukia ukutani, kiatu cha mtu mkononi. Mji mzima ulijua. Na mji ukijua jambo kwa muda mrefu, huacha kulitazama.

Kumbukeni hilo. Baba ameapa kutouona uso wa mwanawe. Sasa turudi kwenye koti.

Alfajiri Ismaily alifungwa na Shamsia. Lakini jua likipanda, koti alilivua. Jioni alikuwa na safari ya pili ya delta, kuchukua kamba na samaki wa kuuza asubuhi. Kurudi ni usiku, upepo kama wembe. Koti lazima alivae tena. Na alipofika nyumbani, Shamsia alimkuta amefungwa mpaka shingoni. Vizuri kabisa.

Mwanzoni Shamsia hakuwaza. Madereva hufungana wao kwa wao. Lakini zipu ile ilikuwa na ubishi. Ilikuwa inakwama kila mara katikati ya mgongo, mpaka ulambe kidole, uisemeshe. Siku moja Shamsia akaivuta, ikateremka laini kama maji. Akainusa. Ikanukia mshumaa. Baada ya siku kadhaa akakuta kile kichuma cha kuvutia kimefungwa kikanda chekundu, kizuri, kimekatwa kwa ustadi.

Wanawake mnaonisikiliza, hapo tayari mmeshakaa sawa.

"Baba Warda, nani anakufunga zipu huko stendi?"

"Watu."

"Watu wana majina."

"Niache nishuke kwanza, Mama Warda. Miguu imekufa ganzi."

"Na hiki chekundu?"

"Kinasaidia kuvuta."

"Kinamsaidia nani? Vidole vyangu havijawahi kushindwa."

Ismaily akacheka. Shamsia aliniambia, "Lile cheko ndilo lililonichoma. Angekasirika ningelala."

Hakulala. Alimwaza Mwanaharusi, yule muuza chai na vitumbua wa kijiweni, mwanamke mcheshi, mwenye mikono ya haraka na kanga nyekundu. Akapanga mambo usiku kucha, na kila alichopanga kilikuwa na rangi nyekundu.

Alfajiri Ismaily akavaa soksi, nailoni, soksi. Akaweka boksi kifuani. Akavaa koti kinyume, akasimama katikati ya chumba, akatoa mgongo.

"Mama Warda, nifunge."

"Akufunge aliyekufunga jana."

Ismaily hakugeuka. Alibaki amesimama vile vile, amempa mgongo, anangoja. Shamsia akachukua ungo akaanza kupepeta mchele. "Mchele wenyewe nilikuwa nimeshaupepeta," aliniambia. "Hauna hata pumba moja. Nikapepeta." Mwishowe Ismaily akakohoa kidogo, akafungua mlango, akakokota pikipiki nje. Kulikuwa na umande mzito. Koti lilikuwa wazi nyuma, linapepea huku na huku kama mabawa ya kuku aliyekatwa kamba. Shamsia aliliona mpaka lilipokata kona.

Usiku ule Ismaily alirudi na homa. Koti alikuwa amelivua, amelifunga nyuma ya pikipiki. Anatetemeka, jasho linamtoka. Kesho yake akawa anashika ubavu, hawezi kuvuta pumzi. Wakampeleka kituo cha afya.

Marsela ndiye aliyempokea. Yule yule wa baridi inayokimbia. Alimsikiliza kifua, akamtazama Shamsia, akamvuta pembeni. "Dada, kifua hiki hakikuanza jana. Ana wiki kadhaa anaugua huyu, anajikaza. Hiki ni kichomi, na amekichelewesha. Tutafanya tunaloweza."

Shamsia akauliza, "Ni upepo?"

"Upepo wa siku moja hauleti haya, dada. Ni vijidudu."

Shamsia aliitikia kwa adabu. Lakini aliniambia, "Moyoni nilisema, huyu mtoto wa watu hakuliona lile koti likipepea. Miye nililiona."

Hilo ndilo jiwe lililomkaa Shamsia. Kwamba mumewe alimpa mgongo, akakataa. Kwamba upepo uliingia pale alipoacha yeye wazi. Akiwa peke yake na mgonjwa akaupata ujasiri, akamshika mkono.

"Baba Warda, nisamehe. Nilikuacha wazi."

Ismaily akafungua macho. "Sikwenda wazi."

"Nani alikufunga?"

Akatabasamu. "Siri ya watu. Nikipona nitakupeleka ukamwone."

Hakupona, wasikilizaji wapendwa. Marsela na wenzake walihangaika naye, lakini hakupona. Alifariki mchana, jua linawaka, hakuna upepo hata wa kutikisa pazia. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun.

Na yale maneno yake yakabaki na Shamsia kama mwiba wenye ncha mbili. Akisema Ismaily alimdanganya ili kumfariji, basi alikwenda wazi, na yeye Shamsia ndiye aliyemuua. Akisema alisema kweli, basi alifungwa na mwanamke mwingine, na mwanamke huyo ndiye aliyemfaa siku mkewe alipokataa. Chagueni ninyi lipi ni bora. Shamsia alishindwa.

Siku ya mazishi nilikuwepo. Madereva walikuja wengi, pikipiki zimejaa mpaka barabarani, na wote, bila kuambiwa, walivaa makoti kinyume ingawa ilikuwa adhuhuri na jua linachoma. Jasho liliwatoka. Hakuna aliyelivua. Hapo sijatia chumvi.

Maiti ilipokwisha kuoshwa na kuvishwa sanda, familia ikaitwa kuutazama uso kabla haujafunikwa. Wakaingia mmoja mmoja. Mzee Khamisi hakuingia. Alisimama nje karibu na pikipiki ya mwanawe, ameipa nyumba mgongo. Watu wakaanza kunong'ona. "Hata leo?" "Moyo gani huo?" Mmoja akasema kwa sauti, "Jiwe lile, si mtu."

Bi Mwanabibi, dada yake mzee, akatoka. Hakumkemea. Akamshika kiwiko.

"Kaka. Ulisema usimwone mpaka aiache pikipiki."

"Nilisema."

"Ameiacha. Hii hapa. Ameiacha, kaka. Ingia."

Mzee Khamisi akaitazama pikipiki ile. Akaingia. Tukampisha. Alipiga magoti penye kichwa cha mwanawe, akamtazama. Akatazama muda mrefu hata shehe akakohoa, maana mchana ulikuwa unasogea. Mzee akanyoosha mkono, akagusa kidevu cha marehemu.

"Kumbe ana ndevu," akasema.

Akainuka, akatoka. Nimezika watu wengi, wasikilizaji wapendwa. Sijasikia maombolezo mazito kuliko maneno yale matatu.

Lakini bado jiwe la Shamsia lilikuwa mahali pake. Wakati wa tanga alikaa pembeni, hali chakula. Mwanaharusi wa vitumbua alileta sufuria kubwa la uji wa mchele, akalia kwa uchungu wa kweli kwa ajili ya mteja wake. Shamsia akaugeuzia uji ule mgongo. Wanawake wakadhani ni msiba.

Siku ya tatu, baada ya hitima, zikatolewa nguo za marehemu, kama ilivyo desturi yetu, ndugu na marafiki wagawiwe. Shati hili kwa huyu, suruali ile kwa yule. Bi Mwanabibi akainua koti la bluu. Kikanda chekundu kikaning'inia.

Shamsia akapaza sauti kutoka ndani. "Hilo litoke hapa! Lichomwe, litupwe mtoni, apewe anayelijua. Sitaki kuliona!"

Mzee Khamisi alikuwa amekaa mlangoni. Akasema, "Nipe mara moja."

Akalilaza koti juu ya magoti, zipu juu. Mnavijua vidole vya Mzee Khamisi. Miaka ya sindano na ngozi imevikausha, havikunji tena. Akakibana kile kikanda chekundu kati ya kidole gumba na kiganja, kwa namna yake, kwa mazoea, akavuta. Zipu ikapanda mpaka juu bila sauti.

"Mshumaa bado haujaisha," akasema, kama anayejisemea.

Shamsia alikuwa amefunua pazia. Aliuona mkono ule. Aliona namna ulivyokishika kikanda.

"Baba," akasema. "Ni weye?"

"Ni miye, mwanangu."

Haya ninayowasimulia sasa ni maneno ya Mzee Khamisi mwenyewe. Ameniruhusu kuyasema, na Shamsia ameniruhusu. Alisema hivi:

"Kipupwe hiki kilipoanza nilikuwa nimekaa kibandani. Nikasikia watu wanacheka. Nikatazama, naona mtu anakuja kinyumenyume. Anapita katikati ya stendi kinyumenyume, anagonga wauza karanga, anaomba radhi, haoni anakokwenda. Amekuja hivyo mpaka mbele yangu, amenipa mgongo. Koti liko wazi. Akasema, 'Fundi, zipu imekwama.' Sauti nikaijua. Nani asiyeijua sauti ya mwanawe? Lakini hakuniita baba. Aliniita fundi. Nami nikamjibu, 'Sogea, mteja.' Nikapaka zipu mshumaa, nikamfunga. Akasema, 'Ahsante, fundi.' Akaenda zake bila kugeuka.

"Kesho yake jioni akaja tena. 'Fundi, nifunge.' 'Haya, mteja.' Ikawa hivyo kila jioni ya baridi. Nilisema uso wake nisiuone. Sikuuona. Mgongo sikuuapia. Vidole viliponishinda, nikakata ukanda wa raba nyekundu nikafunga pale, nipate pa kushika. Nikamwambia, 'Mteja, haya ni mambo yangu na yako.' Maana niliona aibu. Mji mzima unajua nimeapa, nitasemaje kwamba namngoja kila jioni?"

Hapo Shamsia akauliza swali lake. Chumba kizima kilisikia.

"Siku ile ya mwisho, baba. Siku ile alipotoka asubuhi. Alipita kwako?"

"Alipita. Nikashangaa, mbona asubuhi? Koti linapepea. Nikasema, 'Mteja, leo mbona mapema?' Akasema, 'Fundi, nyumbani wamegoma.' Nikacheka. Nikamwambia, 'Ukirudi kamwombe radhi mwenye nyumba.' Akasema, 'Nitamwomba. Ana haki.' Nikamfunga."

"Mpaka juu?"

"Mpaka juu, mwanangu. Hakwenda wazi. Kutoka hapa mpaka stendi ni karibu, upepo haujaanza. Safari ya delta alikwenda amefungwa."

Narudia, wasikilizaji wapendwa, maana ndilo Shamsia aliloomba nilirudie hewani: Ismaily hakwenda wazi. Alikwenda amefungwa.

Shamsia akalia. Wanawake waliokuwepo wanasema kilio kile kilikuwa tofauti na cha siku zilizotangulia, kilikuwa kama maji yanayopata njia. Lakini mzee hakuwa amemaliza.

"Ngoja," akasema. "Jiwe lako nimelitoa, langu bado. Nilipompiga kofi mgongoni asubuhi ile, nilikisikia kifua chake. Kinakoroma chini ya kiganja changu. Si siku ile tu. Siku nyingi. Nilisema, 'Mteja, kifua hicho kakitazamishe.' Akasema, 'Kipupwe tu, fundi.' Ningemwambia ageuke, ningemwona macho. Ningeona alivyokonda. Mgongo ndani ya koti hauonyeshi kukonda. Mzazi akimwona mwanawe usoni anajua. Neno lilinifika ulimini pale pale, 'geuka.' Nikalimeza. Miye na yamini yangu."

Kisha Shamsia, yule yule aliyekuwa na jiwe lake, akamsogelea mkwewe, akakaa chini karibu na miguu yake.

"Marsela alisema ni vijidudu, baba."

"Nimesikia."

"Miye nami simwamini vizuri. Basi tugawane. Nusu yangu, nusu yako. Mtu mmoja halibebi."

"Tugawane," akasema mzee.

Baada ya muda Shamsia akafuta macho, akageuka kwa Bi Mwanabibi. "Shangazi, ule uji wa Mwanaharusi umebaki?" Ulikuwa umebaki. Akaunywa wote, umepoa, na Mwanaharusi mwenyewe mpaka leo hajui alikuwa amesamehewa kosa gani. Sasa anajua, kama anasikiliza.

Koti halikuchomwa. Halikutupwa mtoni. Analo Mzee Khamisi. Asubuhi hizi za kipupwe, kabla ya kwenda kibandani, anapita kwa mkwewe na mkate au na boga, anamsalimia Warda. Koti analivaa sawa, zipu mbele, kwa sababu yeye hapandi pikipiki. Vidole vyake haviwezi kuunganisha zipu pale chini. Basi Shamsia huinama akaiunganisha, akaivuta kwa kile kikanda chekundu mpaka shingoni. "Inua kidevu, baba." Mzee huinua kidevu. Wanatazamana. Halafu anakwenda kazini.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tunaokutana hapa hewani, natoa pole kwa Shamsia na mtoto Warda. Pole kwa Mzee Khamisi, aliyezika vijana wawili. Pole kwa Bi Mwanabibi. Pole kwa madereva wa kijiwe chetu, na kwa wavuvi wa Nyamisati waliozoea kuusikia mlio wa pikipiki yake kabla ya kumwona. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema, penye joto la kutosha.

Madereva, wanangu, mkikohoa msiseme ni kipupwe. Mwoneni Marsela. Hana maneno mengi, akikucheka mvumilie.

Na sisi wengine. Najua huko mliko kuna mtu ameapa. Dada haongei na dada, baba hapokei simu ya mwanawe, jirani anapita njia ya mbali. Na najua pia kwamba wengi wenu mnafanya kama Mzee Khamisi. Mnapeleka chakula kwa mlango wa nyuma. Mnauliza habari zake kwa watu. Mnamfunga zipu gizani. Ni vizuri, si haba. Lakini mgongo hauwezi kukuambia kwamba mtu ana ndevu. Mgongo hauwezi kukuambia kwamba mtu anaugua.

Kesho alfajiri mtu wako atakuja, au utakwenda wewe. Atasimama mbele yako amekupa mgongo, atasema, nifunge. Mfunge. Mfunge vizuri mpaka juu.

Halafu mwambie ageuke.